Maua ya kununua pale sungura wanapoimaliza bustani

Kabla ya kwenda kitaluni, chunguza kilichokatwa. Sungura ana meno ya mbele juu na chini, hivyo shina hukatika mshazari, safi kama kwa kisu. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Yeye huvuta, na shina hubaki limechanika lina nyuzi. Ukikuta mchaniko wa mbuzi, weka fedha yako kwenye uzio kwanza, maua baadaye.

Hakuna ua ambalo sungura mwenye njaa hataligusa wakati wa kiangazi. Yapo anayoyaacha kwa sababu jani lake ni chungu, lina harufu kali au lina utomvu unaowasha, na tumeyapanga kwa kigezo hicho pamoja na urahisi wa kuyatunza.

La kwanza ni vinka, Catharanthus roseus, lile la waridi au jeupe lenye petali tano ambalo huota hata pembeni mwa barabara za pwani. Jani lake ni chungu mno kwa sababu ya kemikali zake, zile zile zilizotoa dawa za saratani vinblastini na vinkristini, kwa hiyo watoto wasilitafune. Linapenda jua la kutwa, hustahimili joto la Dar es Salaam na Mombasa, na huchanua karibu mwaka mzima. Panda kwa nafasi ya sentimita 30. Kinacholiua ni maji kutuama: kwenye udongo wa mfinyanzi mizizi huoza na mche hunyauka ilhali udongo umelowa, mwenye bustani akazidi kumwagilia. Changanya mchanga, au inua tuta sentimita 15.

La pili ni jeraniamu, hasa ile ambayo jani lake hunukia ukilisugua. Nunua mche mmoja wenye matawi mengi, kisha kata vipandikizi vya sentimita 10 na uvipande mwenyewe. Huna haja ya kulipia kumi.

Rozimari na lavenda tunaziweka pamoja nafasi ya tatu. Kwa Nairobi, Arusha au Iringa zingepanda juu zaidi, lakini lavenda pwani huoza kwa unyevu wa hewa. Pwani chukua rozimari, na uipande kwenye chungu chenye matundu.

Nne ni taji la miiba, Euphorbia milii: miiba mikali na utomvu mweupe unaochoma ngozi na macho. Vaa glovu, na usilipande wanapochezea watoto.

Bangi bustani ya maua ya njano, yaani marigodi (si bangi ya kuvuta), wengi huinunua kama kinga. Tunaiweka mwisho: sungura huitafuna ikiwa changa, na harufu yake haiwazuii kuyafikia mawaridi yaliyo nyuma yake. Gazania, alizeti changa na haibiskasi ni chakula chao kabisa. Olianda wataiacha, ila usinunue. Ina sumu kila sehemu, na matawi yaliyokatwa yakitupwa zizini huua mifugo.

Kitaluni, omba muuzaji akutolee mche mmoja kwenye kiriba. Mizizi iwe myeupe. Ikiwa ya kahawia na laini, au imejizungusha chini mara nyingi, acha. Epuka pia mche mrefu, laini, wenye kijani cha kung'aa: umelishwa mbolea nyingi ya naitrojeni, na chipukizi laini huliwa hata la ua chungu. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, wakidhani wameuziwa ua lisilo sahihi.

Kwa hiyo nunua na wavu wa kuku wa matundu ya sentimita 2.5. Kwa sungura wa kufugwa, ambaye huchimba, kimo cha sentimita 60 kinatosha, lakini fukia sentimita 15 zaidi na ukunje ncha ya chini kuelekea nje. Wengi wa sungura wa porini huku kwetu hawachimbi mashimo ila huruka vizuri. Wao waongezee kimo hadi sentimita 90. Uache wavu wiki nne, mpaka mashina ya chini yakomae na kuwa magumu.