Dawa ya kahawia ya vidonda (povidoni ayodini): nyota 4 kati ya 5

Jamani hii chupa ninayo mwezi wa tatu sasa, ngoja niseme. Nilinunua ya asilimia 10 duka la dawa mtaani baada ya mama mdogo kukatwa na jiwe mguuni akiwa anafunga mwani huko Paje, Zanzibar. Sie tulivyokuwa wadogo tulipakwa ile yenye spiriti, weee unaruka mpaka mlangoni, hii wala, mama mdogo kapakwa huku anaendelea na stori zake. Ila usifute, iache ikauke yenyewe, watu wanapaka wanafuta hapo hapo halafu wanasema feki. Na kama una shida ya tezi la shingo muulize daktari kwanza.

Ukitaka kujua kama ayodini imo kweli, dondoshea tone kwenye kiazi ulichokimenya. Yangu kahawia iligeuka bluu nyeusi fasta, ndo inavyokuwa ikikutana na wanga. Kiazi chenyewe tupa!!

Sasa nikamwambia mama mdogo hii ayodini iligunduliwa kwenye mwani, akajua namtania. Mwaka 1811 kule Ufaransa, Bernard Courtois alikuwa anatumia majivu ya mwani kutengenezea chumvi ya baruti, enzi hizo za vita vya Napoleon, siku moja akazidisha asidi ya salfa ukapanda mvuke wa zambarau, ukigusa pa baridi unaganda vipande vyeusi vinang'aa kama chuma, na jina lenyewe wakalitoa kwenye Kigiriki, rangi ya urujuani. Ni ukoo mmoja na klorini ya maji ya bomba, tena ndo yale yale madini joto ya kwenye pakiti ya chumvi. Mama mdogo akasema "kwa hiyo mie nashinda ndani ya dawa, halafu dawa nakwenda kununua?" Nikacheka tu, nikamwambia wa Courtois haukuwa huu wetu wa taitai, vile vikamba vya kufungia mwani.

Nyota moja nimekata sababu ya kifuniko, hakikazi. Imemwagikia shuka jeupe la watu, sabuni imegonga mwamba, kilichosaidia ni kidonge cha vitamini C nimekisaga na maji nikapaka, doa likafifia naliona. Chupa siku hizi inakaa kwenye kikombe.