Resoti ya kila kitu ndani Kiwengwa: msosi poa, ila walimvunjia mama yangu heshima

Kama unataka kuwapeleka wazazi wako Zanzibar kwenye zile hoteli kubwa za Kiwengwa, unalipa mara moja kisha unavalishwa bangili ya plastiki unakula na kunywa hadi uondoke, fikiria mara mbili. Au nenda tu, sijui, maana chakula kwa kweli wamejitahidi, pweza wa nazi, juisi ya ukwaju, vyumba visafi, na ilikuwa kipindi cha kusi upepo safi kabisa, nilishaanza kuwaambia ndugu kwenye grupu la familia wajipange waje.

Sasa upande ule wa mashariki maji yakipwa yanaenda mbali kule mwambani, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ndo usiseme, huwezi kuogelea, unatembea tu mchangani. Mama akatoka asubuhi na dera lake na mtandio, anarudi zake, askari wa mlango wa ufukweni akamsimamisha. "We mama, huku hakuuzwi vitu." Mama hana hata mfuko mkononi! Akamwambia mimi mgeni humu, nimelala humu, akavuta mkono wa dera akamwonyesha na bangili, bado kijana anamwambia subiri kwanza nipige simu mapokezi. Na muda huohuo wazungu wanapita palepale na nguo za kuogelea, hakuna anayeangaliwa mkono, wao ni jambo jambo karibu. Mama yangu, mtu mzima, magoti yanamsumbua, kasimamishwa juani.

Nilipofika niliwaka. Kinachoniuma zaidi, hata shikamoo hakumpa. Zanzibar hiihii, kijana wa Kiswahili kabisa, anamwita mama wa watu "we"!

Meneja kaja anasema ni utaratibu wa usalama, kisha akatuletea sahani ya matunda chumbani. Matunda ya nini? Nilitaka yule kijana aje amwombe mama radhi, basi, hakuletwa mpaka tunaondoka.

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota 3 kwa ajili ya yule dada wa mezani aliyekuwa anamwekea mama uji wake pembeni kila asubuhi na kumsalimia vizuri, Mungu ambariki. Ila naandika hapa hasira zinapanda upya, natoa 1, na hiyo 1 ni ya yule dada.

Kama shida yako ni kuogelea, Nungwi na Kendwa maji hayakimbii mbali hivyo. Kama unataka kutulia na mzazi, tafuta nyumba ndogo za wageni Paje au Jambiani, bufee kubwa hupati sawa, lakini mwenyewe anakupokea mlangoni anakujua kwa jina. Na hizo kubwa, kabla hujalipa piga simu uwaulize wageni Waswahili wanapitia mlango gani.