Kamera ya saiti mbele ya msuluhishi: uzoefu wangu

Nasimamia miradi upande wa mkandarasi. Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kamera inayofungwa juu ya mlingoti, ikapiga picha kila baada ya dakika 10 na kuzituma yenyewe kwenye seva ya mtoa huduma. Wengi huichukua ili wapate video ya jengo likipanda. Mimi naipima kwa jinsi ilivyotufaa tulipofikishana kwa msuluhishi na mwenye mradi.

Mwenye mradi alidai tulichelewa kumwaga zege la msingi kwa uzembe. Sisi tukasema hatukuwa tumekabidhiwa eneo: bomba la zamani ambalo yeye ndiye aliyepaswa kuliondoa lilikuwa bado linakatiza mtaro. Daftari la saiti lilisema hivyohivyo, lakini daftari tunaliandika wenyewe, na wakili wake hakuacha kulitaja hilo. Picha ndizo zilizotuokoa. Pembe ileile, asubuhi hadi asubuhi, bomba lipo, nondo zimeshakatwa, mafundi wamekaa kando. Picha moja ya simu utaambiwa umeichagua; mfululizo wa kamera isiyohama ni vigumu kuupinga.

Hata hivyo, picha pekee zisingetosha. Mkataba wetu ni wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, linalotoa mikataba ya mfano ya ujenzi), toleo la 2017, unaotaka taarifa ya dai itolewe ndani ya siku 28 tangu mdai ajue, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio. Tulikuwa tumeitoa. Bila hiyo, dai linaweza kufa na picha zako mkononi.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni kwamba kila picha hupewa alama ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa na kompyuta kutokana na faili lenyewe, mara inapofika kwenye seva: tarakimu na herufi 64, ambazo hubadilika kabisa ukigusa hata nukta moja ya picha. Wakili alipodai zimehaririwa, alama zilikokotolewa upya kikaoni na zikalingana. Linganisha na picha ambazo msimamizi wa zamu alikuwa akitutumia kwa WhatsApp. Programu hiyo hubana picha na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kwa hiyo hizo hazikuwa na nguvu yoyote ya maana.

Kasoro kubwa ilikuwa saa. Muda uliochapwa juu ya picha ulikuwa wa saiti, ila uliomo ndani ya faili ulikuwa wa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na hakuna aliyetueleza. Tofauti hiyo ilimeza sehemu kubwa ya kikao, mpaka fundi wa mtoa huduma akaja na kumbukumbu za seva kueleza. Uliza mapema kama kamera husawazisha saa yake kwa mtandao, na kama kampuni itatoa shahidi.

Usitegemee ikupimie kitu. Lenzi pana hupinda kingo, na dai letu dogo kuhusu kina cha mtaro halikusimama kwa picha. Hapo unahitaji vipimo vya mpima ardhi. Unene wa zege linalofunika nondo nao hauonekani kutoka juu ya mlingoti.

Nimeendelea na mtoa huduma huyo, ila kwa masharti mapya: faili asilia zisifutwe hadi muda wa kufungua madai upite, nakala ya pili ikae kwetu, na wafanyakazi waarifiwe kwa maandishi kwamba wanapigwa picha.