Figo ya panya wa presha na ya panya wa kawaida
Tangu mama aanze dawa za presha hapa Uyole, Mbeya, nawafuatilia panya wa maabara waitwao SHR, waliotangazwa na Okamoto na Aoki wa Japani mwaka 1963. Presha yao hupanda kwa kurithi. Wenzao wa ukoo uitwao Wistar-Kyoto hubaki na presha ya kawaida, na vimishipa vya figo zao vina njia pana.

Kwa SHR, kimshipa kinachoingiza damu kwenye chujio dogo la figo hubana, na kubana huko hulikinga chujio kwa muda mrefu. Machujio ya ndani kabisa ndiyo hutangulia kupata makovu, kisha protini huvuja kwenye mkojo. Hapo ndipo ninapoogopa: figo huumia kimyakimya. Nikamwomba mama apime na mkojo.

"Mwanangu, mbona siumwi popote?" akasema, kikopo mkononi.