EXOTIC: programu ya bure ya kupima mpito wa sayari, kwa anga la Mbeya

EXOTIC, programu ya mradi wa Exoplanet Watch wa NASA, unaipa picha za nyota za FITS (aina ya faili la picha za darubini), nayo inakupa wakati sayari ilipofika katikati ya mpito wake, yaani kupita mbele ya nyota yake, pamoja na kadirio la kosa. Wakati huo ndio mali. Sayari iliyo peke yake hupita kwa mpigo uleule. Ikiwa mara inawahi, mara inachelewa, huenda kuna mwenzake asiyeonekana anayeivuta. Kepler-19c iligunduliwa hivyo mwaka 2011: sayari jirani, yenye mzunguko wa siku 9.3, ilikuwa ikiwahi na kuchelewa kama dakika 5.

Huku kwetu anza na sayari WASP-43b. Hupunguza mwanga wa nyota yake kwa asilimia 2.5 hivi, na katikati ya Mei, mvua zikiwa zinaisha, nyota hiyo huwa karibu utosini saa moja na nusu usiku. Mpito huchukua kama dakika 70. Ongeza dakika 45 kabla na 45 baada, picha moja kila sekunde 60. Ukikata pembeni, wakati wa katikati unateleza.

Kinachoharibu kazi zaidi ni saa. Kompyuta ikichelewa dakika 2, matokeo yanachelewa dakika 2, na grafu inapendeza vilevile. Ilinganishe na saa ya mtandao kabla ya picha ya kwanza, kisha baada ya ya mwisho. Picha ziandikwe kwa UTC, saa ya kimataifa: saa moja na nusu usiku yetu ni 16:30. Latitudo ya Mbeya ni -8.9, usisahau alama ya kutoa. Programu yenyewe hugeuza wakati kuwa BJD, yaani wakati kana kwamba umepimwa kutoka kitovu cha mfumo wa Jua, si kutoka Duniani. Ukichanganya matokeo hayo na ya zamani yaliyobaki kwenye UTC, utaona wimbi la mwaka mzima, karibu dakika 8 kila upande, linalofanana kabisa na sayari mpya. Ni Dunia yetu tu inazunguka Jua.

Google Colab, huduma ya kuendesha programu kwenye kompyuta za Google, inafaa kwa mazoezi. Kamera ya pikseli milioni 2 hutoa picha ya MB 4. Picha 160 ni zaidi ya MB 600 za kupandisha, na bando linakatika. Isakinishe kwenye kompyuta yako.

Kwa darubini ya inchi 6, kosa la dakika moja au mbili ni la kawaida, wakati WASP-47b, yenye majirani waliothibitishwa, huyumba chini ya dakika moja. Usiku mmoja hautoshi. Peleka kwa AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota, faili linalotolewa na programu, hata kama sayari imepita kwa wakati wake.