Mpini wa chuma au wa grafaiti?

Kwenye gofu, kwa fimbo kubwa ya kuanzia shimo hakuna ubishi, karibu zote siku hizi mpini ni wa grafaiti, yaani nyuzi za kaboni. Ubishi uko kwenye fimbo za kati, namba 5 hadi 9.

Mpini wa chuma huwa na gramu 90 hadi 130 hivi. Wa grafaiti mara nyingi 50 hadi 80. Mwenye mkono wa kasi akipewa mwepesi, mpira humtawanyikia kushoto na kulia. Lakini kama unapiga taratibu, au kiwiko kinakusumbua, grafaiti humeza mtikisiko na kukuongezea kasi kidogo.

Kwa bei, chuma kinashinda, hasa mtumba. Tena fundi hukikata kukifupisha bila shida.

Utunzaji ndio wenye mambo. Anayecheza Nyali, penye upepo wa chumvi, afute chuma kila siku, maana palipokwaruzika kutu huanza. Grafaiti haina kutu, ila hupasuka kimyakimya. Ukinunua iliyotumika, pitisha pamba juu ya mpini; ikinasa nyuzi, rudisha.

Vyovyote vile, pima kwanza kama fimbo imekaa sawa kwako. Bandika utepe chini ya kichwa cha fimbo, upige mpira juu ya ubao. Alama ikiwa karibu na mpini, fimbo imesimama mno kwako; ikiwa kwenye ncha ya kichwa, imelala mno. Hilo grafaiti haitibu.

Mimi nimechanganya: grafaiti hadi namba 6, chuma kuanzia 7. Wenzangu hucheka.