Kufuta kadi hakuipunguzii simu mzigo: uzoefu wangu na Android 14 hapa Mwaloni

Hapa Mwaloni Kirumba, soko la dagaa na samaki jijini Mwanza, kila mwenye simu ana dawa moja. Simu ikiwa nzito, fungua ile orodha ya kadi za programu ulizotumia karibuni, sukuma zote juu, endelea na kazi. Wabeba magunia wanafanya hivyo, mama lishe wanafanya hivyo, na ukimpelekea fundi simu inayoganda, kidole chake kinakwenda hapo kabla hajakuuliza ina tatizo gani. Mimi nauza dagaa na simu ndiyo ofisi yangu. Nimeitumia Android 14, toleo la mfumo unaoendesha simu, kwenye simu yenye GB 4 za RAM (kumbukumbu ya kazi, siyo ya kuhifadhi picha) muda wa kutosha kusema kwamba dawa hiyo haitibu, na mara nyingi inazidisha ugonjwa.

Ile orodha ya kadi haioneshi programu zinazofanya kazi. Inaonesha ulikopita. Kama unabisha, zima simu kabisa, iwashe, kisha fungua orodha kabla hujagusa kitu kingine. Kwenye simu yangu kadi za jana zote zinakuwepo: kikokotoo na hesabu ya magunia, ramani, ujumbe wa wateja, kila moja na picha yake. Hakuna hata moja niliyokuwa nimeifungua wakati huo, maana simu ndiyo kwanza imeamka. Ni picha tu ambazo mfumo ulizitunza ulipoziacha zile programu. Kadi kubaki baada ya simu kuzimwa kulianza na Android 5.0 ya mwaka 2014, na nadhani hapo ndipo watu wengi walipopotezwa, kwa sababu skrini yenyewe haikuambii ipi iko hai na ipi ni picha.

Kinachoendelea nyuma ya kadi ni kingine. Ukitoka kwenye programu, Android haiifungi. Inaibakiza kwenye RAM ikiwa imetulia, ili ukiirudia ufunguke palepale ulipoachia. RAM ikibana, mfumo wenyewe unachagua za kutoa: kwa kawaida zinaanza zilizoachwa zamani, na ile unayoitazama inalindwa hadi mwisho. Inayopiga muziki au inayokuongoza njia nayo ina ulinzi wake. Na RAM haili umeme zaidi kwa kuwa imejaa, kwa hiyo programu iliyotulia humo haikumalizii chaji. Chaji inaondoka pale unapoifuta, halafu baada ya dakika tano unaihitaji tena, simu inaanza kuipakia upya toka mwanzo. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa kiongozi wa Android pale Google, alilisema hadharani mwaka 2016 kwamba kuzifunga programu kwa mkono kunaweza hata kuharibu hali kidogo. Mwaka huohuo Craig Federighi wa Apple alitoa jibu la namna hiyo kuhusu iPhone.

Kwa kazi yangu jambo hili ni la pesa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mitumbwi ikirudi alfajiri simu hazipumziki. Mteja wa Dar anaandika, "Dada, nipigie picha ya mzigo nione rangi." Natoka kwenye ujumbe naingia kamera, narudi kutuma, naenda kwenye kikokotoo kupiga bei mara magunia, naingia kwenye pesa ya simu kuangalia kama ameweka, narudi kwenye ujumbe. Nikiziacha programu zote zilivyo, kila moja inafunguka mara moja. Nikizisukuma juu, ile ya pesa inaanza upya, inaomba namba ya siri upya, inatafuta mtandao upya, huku mwenye mzigo amesimama pembeni ananiuliza kama nanunua au sinunui.

Simu yangu ya zamani ya RAM GB 2 ilikuwa kesi nyingine. Ukifungua kamera, ujumbe ulikuwa unatolewa kwenye RAM bila kuulizwa, na ukirudi unakuta maneno uliyokuwa unaandika hayapo. Pale hata mfumo uwe mzuri namna gani, nafasi haipo. Google walipoitoa Android 14 walisema wameongeza idadi ya programu zinazoweza kubaki zimetulia kwenye RAM, na kwamba kuzianza upya kulipungua kwa asilimia 20 kwenye simu za GB 8 na zaidi ya asilimia 30 kwenye za GB 12. Nawaamini, lakini simu za namna hiyo wengi wetu hapa sokoni hatuzinunui. Kwenye GB 4 nafuu ninayoiona mimi ni ya kawaida.

Sehemu ninayoisifu bila kusita ilikuja na Android 13 mwaka 2022, na watu wengi wanaoitumia hawajui kama ipo. Vuta pazia la arifa kutoka juu mara mbili, tazama chini kabisa: kuna maandishi madogo yenye idadi ya programu zilizo hai. Gusa hapo. Utaletewa orodha ya zile zinazofanya kazi kweli hata kama huzitazami, kila moja na muda iliokaa, na kitufe cha kuisimamisha. Nimewahi kukuta humo ramani iliyobaki ikiongoza safari ya gari la mzigo kwenda Igoma saa nyingi baada ya gari kurudi. Hiyo ndiyo inayokula chaji na bando, kwa hiyo niliisimamisha hiyo moja na nyingine zote nikaziacha.

Ila wameificha mno. Kitu chenye ukweli kimewekwa chini ya pazia kwa maandishi ya kusoma kwa shida, na kitu cha picha kimepewa skrini nzima. Tena ukisimamisha programu kwenye orodha hii, kadi yake inabaki kulekule kwenye kadi, mtu anadhani haijasimama.

Kilichoniumiza zaidi hakikutoka kwenye Android yenyewe. Mtengenezaji wa simu yangu, ambaye simtaji jina, aliweka humo kisafishaji chake kinachozima programu kioo kikishazimwa. Kijana wetu wa Ukerewe alinitumia ujumbe saa kumi na moja alfajiri: "Mama, dagaa wamekuja wengi leo, tuma magunia." Mimi niliuona saa mbili asubuhi nilipofungua programu kwa mkono, na mzigo ulikuwa umeshapata mwenyewe. Android ina utaratibu wake wa kuokoa chaji simu ikiwa imelala mezani, upo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015: shughuli za mtandao zinacheleweshwa, lakini ujumbe wa haraka unaruhusiwa kupita. Huo unatosha kabisa. Sioni sababu ya kampuni kuongeza mkasi wa pili juu yake.

Niliingia Mipangilio, kwenye programu ya ujumbe, sehemu ya betri, nikachagua isiwekewe vizuizi. Halafu kwenye kile kisafishaji chenyewe nikairuhusu ijiwashe yenyewe. Pesa ya simu nayo nikaifanyia hivyohivyo. Tangu hapo arifa zinaingia kwa wakati, na chaji bado inanifikisha jioni.

Kuna fundi mmoja kijana mjini aliwahi kuniambia, "Mama, nikikuwekea programu ya kusafisha RAM simu itakuwa nyepesi kama mpya." Nilimkatalia kwa upole. Kuanzia Android 14, programu inaruhusiwa kuua shughuli zake yenyewe tu, haiwezi kugusa za wenzake. Ile mishale inayozunguka na kukuambia imesafisha ni maonesho, na matangazo yake yanalipiwa na bando lako.

Mimi mwenyewe programu naizima kwa nguvu pale inapokuwa imekwama, au ninapoikuta juu kabisa kwenye ukurasa wa betri ilhali siku nzima sijaifungua. Nazima hiyo peke yake, nikijua kwamba arifa zake hazitaingia mpaka niifungue tena. Ikirudi juu kesho yake, naiondoa kwenye simu.